Thimlich Ohinga: kijiji cha mawe kilichofichwa na msitu

Msomaji mpendwa, ukitajiwa majengo ya kale ya Kenya, bila shaka mawazo yako hukimbilia Pwani. Utaikumbuka ngome ya Fort Jesus kule Mombasa, mji wa Lamu na vichochoro vyake, au magofu ya Gede yaliyomezwa na miti karibu na Malindi. Watoto wetu husomeshwa habari hizo, na kila mwaka mabasi ya shule huwateremsha huko kwa ziara za masomo. Lakini je, umewahi kuambiwa kwamba upande wa pili kabisa wa nchi, karibu na Ziwa Victoria, kuna kuta za mawe zenye umri unaokaribiana na ule wa Fort Jesus, na ambazo zilijengwa bila chembe ya chokaa?

Mahali penyewe panaitwa Thimlich Ohinga. Pako Nyatike katika Kaunti ya Migori, kwenye mteremko wa kilima usio mkali, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Wataalamu wa mambo ya kale wanakadiria kwamba kijiji hicho kilianza kujengwa karne ya 16. Hiyo ndiyo karne ambayo Wareno walianza kuijenga Fort Jesus, mwaka wa 1593. Tofauti ni kwamba Wareno walikuwa na mchoraji ramani kutoka Ulaya, chokaa ya kushikanisha mawe na mfalme wa kugharimia kazi. Wajenzi wa Thimlich walikuwa na mawe ya kilimani, mikono yao na akili zao.

Jina lenyewe lina mafunzo yake. Katika lugha ya Kijaluo, "thim" ni pori au msitu, na "lich" ni kitu cha kutisha. "Ohinga" nalo ni boma lililozungushiwa ukuta wa mawe. Kwa hiyo mwenyeji akikutajia Thimlich Ohinga anakwambia habari mbili kwa pamoja: kuna msitu mnene wa kuogofya, na ndani yake kuna ngome. Basi tuvifuatilie vyote viwili, kwa maana kimoja bila ya kingine hakielezeki.

NJIA YA KWENDA

Wewe unayeishi mjini, usidhani safari hii ni ya kuruka na kutua. Ukitokea Kisumu unaweza kushuka hadi Homa Bay, mji ulio ufuoni mwa ziwa chini ya kile kilima chenye ncha kiitwacho Got Asego. Kutoka hapo utapita Rodi Kopany, kisha Ndhiwa, halafu utaiacha Kaunti ya Homa Bay na kuingia Migori. Ukitokea upande wa Migori mjini, utaelekea Macalder, mahali panapojulikana kwa dhahabu na shaba iliyochimbwa wakati wa ukoloni. Zamani sehemu zote hizi zilikuwa wilaya moja iliyoitwa Nyanza Kusini, kabla ya kugawanywa katika miaka ya 1990. Ndiyo maana ukisoma vitabu vya zamani kuhusu kuta hizi, hutaona majina ya Migori na Homa Bay bali utaona Nyanza Kusini.

Kadiri unavyosonga ndivyo mashamba ya mahindi na mtama yanavyopisha vichaka, na vilima vyenye mawe mengi huanza kujitokeza kila upande. Yatazame mawe hayo kwa makini. Mkulima anayaona kama adui wa jembe lake, lakini kwa mjenzi wa kale yalikuwa mali iliyolala wazi ikimngoja.

NDANI YA KUTA

Ukifika utaona kwamba Thimlich si boma moja, bali ni maboma makubwa manne, kila moja na jina lake: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndilo lililo bora kuliko yote na ndilo wageni wengi huonyeshwa kwanza. Kimo cha kuta kinatofautiana, kuanzia meta 1.5 hadi meta 4.5. Ili upate picha, mtu mzima akimbeba mwenzake mabegani, bado mwenzake huyo asingeweza kuchungulia ng'ambo pale ukuta ulipo mrefu zaidi. Unene nao ni kati ya meta moja na meta tatu.

Lango la kuingilia ni jembamba na la chini. Mtu mzima hulazimika kuinama. Hapo, msomaji, usifikiri kwamba watu wa zamani walikuwa wafupi! Lango lilifanywa hivyo kwa makusudi. Adui aliyekuja usiku na mkuki wake hakuweza kuingia akiwa amesimama wima, wala hawakuweza kuingia watu wawili kwa pamoja. Alitanguliza kichwa, na waliokuwa ndani walikuwa wakimngoja. Juu ya lango yamelazwa mawe marefu ya bapa kubeba uzito wa ukuta, kama vile fundi wa leo anavyomwaga linta ya saruji juu ya mlango wa nyumba yako.

Ukishapita lango utakuta uwanja uliogawanywa kwa kuta ndogo ndogo. Baadhi ya sehemu zilikuwa zizi za ng'ombe, nyingine za ndama na mbuzi. Kwenye ardhi utaona mashimo yasiyo na kina, ya mviringo, yanayoonyesha mahali nyumba zilikosimama. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata hapo vigae vya vyungu, mifupa ya mifugo na mawe ya kusagia nafaka. Nje ya kuta kuna mabaki ya mahali walipofulia chuma. Kwa ufupi, humu hamkuwa kambi ya askari. Mlikuwa na akina mama waliosaga unga, watoto waliochunga ndama, na wahunzi waliotengeneza majembe na mikuki.

Kuna jambo moja ambalo watoto wako watalipenda kuliko yote. Ndani ya Kochieng, juu ya mwamba, vimechongwa vishimo vya mchezo wa bao, ambao Wajaluo huuita ajua. Watu waliojenga kuta za kuzuia simba, fisi na wezi wa ng'ombe walipata pia wasaa wa kukaa kitako, kuhesabu kete na kutaniana. Bila shaka kulikuwa na mshinde aliyedai kwamba mwenzake amehesabu vibaya.

UKUTA USIO NA SARUJI

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni hili: mawe yasiyochongwa, yasiyoshikanishwa na kitu, yamesimamaje miaka mia nne na zaidi?

Jibu liko katika mpango. Ukuta wa Thimlich kwa kweli ni kuta mbili zilizosimama sambamba, mmoja ukitazama nje na mwingine ukitazama ndani. Mawe makubwa yalipangwa kwa uangalifu pande zote mbili, kila moja likitafutiwa mwenzake anayelingana nalo. Nafasi ya katikati ilijazwa mawe madogo madogo. Hayo madogo ndiyo yanayobana, na yanazuia yale makubwa yasiteleze. Tena kuta hazikwenda moja kwa moja kama rula. Zinapinda na kukunja, na mahali pengine zimewekewa egemeo la mawe. Ukitaka kujua kwa nini, chukua karatasi uisimamishe mezani. Itaanguka. Sasa ikunje mara mbili, iwe kama herufi ya Z, uisimamishe tena. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kulifanya jaribio hilo, na hiyo ndiyo siri waliyoijua wazee wetu.

Kukosekana kwa chokaa nako kuna faida yake. Mvua ikinyesha, maji hupenya kati ya mawe na kwenda zake badala ya kukusanyika na kuusukuma ukuta. Ardhi ikititia kidogo, mawe nayo hujikalisha upya.

Watu wengine hupenda kuulinganisha ujenzi huu na ule wa Zimbabwe Kuu. Ni kweli kwamba kote kuwili hapakutumiwa chokaa. Lakini kule Zimbabwe mawe ya itale yalipasuliwa na kupangwa kwa mistari kama matofali, hali Thimlich jiwe lilitumika vile lilivyookotwa. Ni ufundi mwingine kabisa, na haufai kuhesabiwa kuwa mtoto wa ule.

WALIOJENGA NI NANI?

Hapa, msomaji, yafaa tuwe waangalifu, maana kila ukoo ungependa kujivunia kuta hizi. Wanahistoria wengi wanaona kwamba wajenzi wa kwanza walikuwa jamii za Kibantu zilizoishi hapa kabla ya Wajaluo kuenea sehemu za kusini mwa ghuba. Baadaye vikundi mbalimbali vya Wajaluo vilifika, vikazikuta kuta, vikahamia ndani, vikazitengeneza na kuziongezea nyingine. Kikundi kimoja kilipoondoka, kingine kiliingia. Kwa hiyo Thimlich haina mwenyewe mmoja. Ni kazi ya watu wa lugha mbalimbali waliopokezana jiwe kwa jiwe, na kila mpangaji mpya alikubali kuufuata ufundi wa aliyemtangulia. Katika nchi ambayo watu hugombania mipaka ya vijiji hadi leo, hilo ni somo.

Wala Thimlich si peke yake. Watafiti walioizunguka Nyanza Kusini ya zamani walihesabu mahali 138 penye majengo ya namna hii, na majengo yenyewe yakafika 521. Kulikuwa na maboma ya mawe kila palipokuwa na vilima vya mawe. Pale ambapo mawe hayakupatikana, watu walichimba handaki na kuinua tuta la udongo kuzunguka makazi yao, na mabaki hayo huitwa "gunda bur".

Ukitaka kuona mtoto wa ohinga, tazama mji wa Mjaluo wa mashambani. Nao ni wa mviringo, una lango moja kuu, nyumba ya mke wa kwanza ikilitazama lango hilo kutoka juu, zizi la ng'ombe uwanjani, na vibanda vya wana wa kiume karibu na lango. Ule ukuta wa mawe uligeuka ua wa minyaa. Hilo lilitokea pole pole. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Waingereza ilikomesha vita na wizi wa mifugo baina ya jamii, watu wakaona hakuna tena haja ya kubanana ndani ya mawe. Wakatoka, kila mtu akajenga kwenye shamba lake. Ngome zikabaki tupu, na msitu ukarudi kuchukua nafasi yake.

MSITU: RAFIKI AU ADUI?

Sasa tuutazame ule "thim" wenyewe. Umeizunguka Thimlich na kuingia mpaka ndani ya maboma. Utaona miti mirefu isiyo na majani, yenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa na utomvu mweupe unaochoma macho. Wajaluo huiita bondo. Chini yake kuna vichaka vya miiba vilivyoshikana, na ndege wengi.

Msitu huu uliwasaidia wajenzi. Uliificha ngome, ukamchelewesha adui, ukawapa kuni, dawa na miti ya kuezekea. Na baada ya watu kuondoka ndio uliozikinga kuta zisichukuliwe. Mahali pengi ambapo kichaka kilifyekwa, kuta zilionekana wazi, na jiwe linaloonekana wazi hupata kazi mpya upesi: msingi wa nyumba, zizi, au kijukwaa cha kukalia. Huwezi kumlaumu sana mtu maskini aliyeokota jiwe karibu na kwake. Lakini akiokota yeye, na jirani yake, na jirani wa jirani yake, historia inaisha bila mtu yeyote kukusudia kuiangamiza.

Hata hivyo, msitu si rafiki wa kila siku. Mche ukiota kati ya mawe, mizizi yake hunenepa mwaka hadi mwaka na kuyatenganisha. Mti mkubwa ukianguka wakati wa dhoruba huondoka na kipande kizima cha ukuta. Na vichaka vya eneo hili vimewahi kuleta msiba mkubwa zaidi. Bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay, lilisifika kwa mbung'o, yule nzi aletaye ugonjwa wa malale, na kwa miaka mingi watu walilihofia. Mwaka wa 1966 sehemu ya bonde hilo ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na siku hizi ndiyo Mbuga ya Taifa ya Ruma, kimbilio la mwisho nchini Kenya la wale swala wakubwa waitwao korongo. Kwa hiyo mtu wa Nyanza Kusini akiuita msitu "wa kutisha", usimcheke. Ana sababu.

Kazi basi ni kupima. Ukifyeka miti yote, unaanika kuta na kuharibu makazi ya ndege. Ukiiacha yote iote ovyo, mizizi itazibomoa. Mti ulioota juu ya ukuta hauna budi kuondolewa kwa uangalifu, na ule ulio kando uachwe uendelee kulinda.

USIPOZIBA UFA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui mahali ambapo methali hii inasema kweli kuliko Thimlich. Ukuta usio na saruji hauanguki ghafla. Kwanza jiwe dogo la katikati hutoka, pengine kwa sababu mbuzi amepanda juu yake au mgeni amekalia ukingo akipigwa picha. Mawe makubwa yaliyokuwa yakibanwa nalo hulegea. Ukuta huanza kutoa tumbo. Mvua kadhaa zikipita, tumbo hupasuka, na meta nzima ya mawe hulala chini. Siku ile jiwe la kwanza lilipotoka, mtu mmoja angeweza kulirudisha kwa mkono mmoja. Sasa inahitajika kazi ya majuma, na mafundi wanaojua jiwe lipi lilikaa wapi.

Ndivyo kuta zilivyotunzwa zamani: waliokaa ndani waliziona kila asubuhi, na jiwe lililotoka lilirudishwa. Walipohama, jicho hilo lilihama nao. Ilichukua miaka mingi kabla ya jicho jingine kupatikana. Serikali iliitangaza Thimlich kuwa mnara wa kumbukumbu ya taifa katika miaka ya mwanzo ya 1980, na ikawekwa chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka wa 2000 shirika la World Monuments Fund liliiingiza katika orodha yake ya mahali palipo hatarini duniani, na kazi ya kuimarisha kuta ikapata msukumo. Hatimaye, Juni 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, Shirika la Umoja wa Mataifa la UNESCO liliitangaza kuwa Urithi wa Dunia, ikiwa ya saba kupata heshima hiyo nchini Kenya.

Heshima hiyo ni kubwa, lakini cheti hakirudishi jiwe mahali pake. Mlinzi aliye karibu zaidi bado ni mwanakijiji anayepita hapo na mifugo yake. Akiona faida, yaani mtoto wake akipata kazi ya kuwaongoza wageni, na mama akiuza chakula siku za ziara, atalilinda jiwe kama mali yake. Asipoona faida, ataliona kuwa jiwe tu. Na yale maboma mengine mamia, yasiyo na cheti wala mlinzi, je? Mengi yako katika mashamba ya watu, na hatima yake imo mikononi mwa wenye mashamba hayo.

UKIAMUA KWENDA

Basi, msomaji, likizo ijayo ukiwa na nafasi, wachukue watoto uwapeleke. Nendeni asubuhi, kabla jua la ziwani halijawa kali. Vaeni viatu vilivyofungwa na nguo ndefu kwa sababu ya miiba, na mbebe maji ya kutosha. Mkikutana na wazee njiani, waamkieni kwanza. "Oyawore, jaduong'" ni salamu ya asubuhi kwa mzee wa kiume, na itawafungulia milango mingi kuliko kamera. Lipeni kiingilio, mpate mwenyeji wa kuwaongoza, na mfuate njia anazowaonyesha. Msipande ukutani, msikalie ukingo, na mkiona jiwe limeanguka msilirudishe wenyewe wala msilibebe nyumbani kama kumbukumbu. Mwonyesheni mlinzi.

Nawe mwanafunzi uliye na babu au nyanya huko Ndhiwa, Nyatike, Karungu au Gwasi, una kazi ambayo profesa hawezi kuifanya haraka kama wewe. Muulize kama karibu na kwao kuna gunda, yaani mji uliohamwa, au mawe yaliyopangwa kwa mviringo. Muulize nani aliishi hapo, waliingia kutoka wapi, na kwa nini waliondoka. Andika jina la mahali na jina la ukoo kwenye daftari lako, kisha upige hatua mkalitazame pamoja akiwa bado ana nguvu za kutembea.